Utuombee kwa Mukama

Ijumaa iliyopita kijana wa msikitini alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba moto umeshika vilima vya ng'ambo, kwamba watu wa huko wako hatarini, na kwamba baada ya swala tukusanyike tuwaombee dua. Alipofika kwangu nikamwuliza ni nani aliyeuwasha. Akasema hajui. Nikamwuliza kama kuna mtu yeyote aliyekwenda kumwambia huyo mwashaji aache, au aliyekwenda huko na jembe. Akacheka kwa adabu, akasema, "Bibi, sisi tumeambiwa dua tu." Nikamjibu kwamba dua nitaomba, nikafunga mlango. Sasa nasikia wanasema imani ya yule bibi kizee imelegea. Waseme. Midomo ni yao.

Harufu yenyewe ilikuwa imeshaniingilia ndani kabla ya yule kijana. Ninyi wa rika langu mnaijua. Si harufu ya kuni wala ya takataka, ni harufu ya nyasi za rweya, ile mbuga ya wazi inayoanza pale migomba inapoishia. Mwanzo ni tamu kidogo, kama ndizi iliyosahauliwa kwenye majivu, halafu inakaa kooni na hata ukinywa maji haiondoki. Watu wengine wakiisikia hukumbuka kwamba mvua ziko karibu na ng'ombe watapata majani mateke. Mimi humkumbuka baba yangu, Mungu amrehemu, na humkumbuka kwa hasira.

Tulikuwa waungwana, ndivyo watu wa bara walivyotuita sisi wenye asili ya pwani. Babu alipanda na misafara ya pembe enzi zile wafanyabiashara walipokuwa wamejaa kwenye kituo chao cha Kafuro. Biashara ile ilipokufa wengine walirudi kwao, yeye akabaki. Mimi pwani sijaiona hata kwa ndoto. Nilizaliwa upande wa Isingiro, chini ya kilima, katika ua wa nyumba tatu za pembe nne zilizoonekana kichekesho katikati ya misonge ya wenyeji. Baba aliuza vitambaa, shanga na chumvi, akanunua ngozi na samli. Alikuwa mtu safi, mwenye sauti nzuri ya kusoma, na tasbihi yake haikutoka mkononi hata alipokuwa akipima kitambaa.

Runyambo, lugha ya wenyeji, aliisema kama aliyeinyonya kwa mama. Wenyeji walipomwuliza Mungu wa waungwana ni nani, hakuwapa jina gumu. Aliwaambia ni Mukama, aliye juu ya Mukama wenu. Kwao Mukama alikuwa mmoja tu, mtawala wa Karagwe, anayekaa Bweranyange na ngoma zake na ng'ombe wake. Basi nyumbani kwetu neno hilo moja lilikuwa na wenyewe wawili, na mimi mtoto nilimjua zaidi yule wa juu, kwa sababu ndiye aliyetajwa tangu alfajiri hadi isha. Yule wa Bweranyange nilimsikia tu baba anapofunga mzigo wa vitambaa kwenda kumuuzia. Alikuwa akienda kila baada ya mavuno, na akirudi husimulia jinsi alivyokalishwa karibu na jinsi alivyosikilizwa.

Juu ya kilima, mahali migomba ilipopakana na rweya, alikaa Ta Kamugisha, yaani Mzee Kamugisha. Huyu alikuwa ndugu wa baba, lakini si ndugu wa tumbo moja. Walichanjiana. Walichukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akachanjwa kidogo karibu na kitovu, kila punje ikapakwa damu, na kila mmoja akameza punje ya mwenzake. Baba aliona aibu kidogo juu ya jambo lile, maana waungwana wengine walisema si la dini, lakini alilifanya, kwa kuwa bila ndugu wa damu mgeni hakupita njia zile na mali yake akafika salama. Mara mbili Ta Kamugisha alisimama mbele ya watu wenye mikuki akasema, "Huyu ni tumbo langu," na wakampisha.

Mambo ya punje niliambiwa na Nyakato, binti yake, ambaye tulikuwa tukicheza pamoja na kugombana pamoja. Alinieleza kwa sauti ya mtu mzima kwamba ile punje haisagiki. Inakaa humo humo tumboni. Mtu akimgeuka ndugu yake inaanza kuvimba, na tumbo nalo linavimba mpaka linampasua. Nilimwamini kabisa. Siku baba alipoumwa tumbo kwa kula maharage yaliyolala, nililia mpaka mama akanipiga kofi anyamazishe kelele.

Sasa sikilizeni kiangazi kile. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wa nchi nzima miaka ya nyuma, na waliobaki ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuongezeka. Sehemu yetu ilikuwa chini ya mkungu, na simaanishi mkungu wa ndizi, ingawa mimi utotoni niliposikia "mkungu anakuja" nilitazama migomba. Huyu alikuwa mkuu wa eneo, mtu wa Mukama. Ng'ombe wake walikuwa na njaa, akataka rweya ichomwe mapema ili majani mapya yaote. Kuchoma rweya si jambo la ajabu, lilifanywa kila mwaka. Lakini lilikuwa na utaratibu wake. Kwanza watu hukata nyasi za kuezekea. Kisha wanaume hulima ukanda mpana pembeni mwa migomba, wakaukwangua mpaka udongo mtupu, na majani makavu ya migombani wakayasogeza ndani. Ndipo wachungaji huwasha, tena asubuhi, kabla upepo haujaanza kupanda kilima.

Mwaka ule wanaume hawakuwapo. Serikali ya Mdachi ilitaka wapagazi, na waliochukuliwa kutoka kilimani kwa Ta Kamugisha walikuwa karibu wote wenye nguvu. Walibaki wazee, wanawake na sisi watoto. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, zimekauka mpaka zinalia ukizigusa. Wanawake walianza kuulima ule ukanda wenyewe, wengine na watoto mgongoni, lakini ardhi ilikuwa ngumu na kazi haikuonekana inakwenda. Wakapeleka maneno kwa mkungu kumwomba asubiri wanaume warudi. Mkungu akajibu kwamba ng'ombe hawali maneno.

Ndipo walipokuja kwetu. Ilikuwa asubuhi, mama akaniita nikaoke ndizi za wageni, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazungumzo ilinipita nikiwa jikoni na moshi machoni. Niliporudi na ungo niliwakuta wameketi barazani, Ta Kamugisha mbele, wazee wawili nyuma yake, na mama yake Nyakato ameshika kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile wanayompa mgeni wa heshima. Kilichonishangaza ni kwamba Ta Kamugisha alikuwa amepiga magoti. Ndugu wa damu hampigii magoti nduguye. Nikasikia maneno yake ya mwisho tu, na maneno hayo ninayo mpaka leo.

"Otushabire Omukama," alisema. Utuombee kwa Mukama.

Baba alisogeza punje za tasbihi, moja, nyingine, nyingine tena. Alitazama juu kilimani, halafu akatazama njia inayokwenda kwa mkungu. Kisha uso wake ukatulia, kama mtu aliyekuwa akitafuta mlango gizani akaupapasa.

"Nitawaombea," akasema. "Nitamwomba Mukama leo hii hii, wala sitachoka."

Akainua viganja vyote viwili, akafumba macho, akaanza. Mimi nilijaa fahari. Niliona watu wa kilima kizima, waliokuwa wakitucheka tukiinama na kuinuka, leo wamekuja wenyewe kuomba dua kwa baba yangu! Nao walipiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, yale makofi ya shukrani wanayopiga neno la mtawala likishatolewa. Nikadhani hiyo ndiyo amina yao. Ta Kamugisha alimshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili, na alipokuwa akishuka barazani alikuwa akicheka.

Siwezi kusema baba aliwadanganya kuhusu dua, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Aliomba. Baada ya kila swala alikaa kitako akasoma mpaka sauti ikakauka. Alichinja mbuzi wa sadaka, akatugawia sisi watoto nyama tuseme amina kwa nguvu. Ungemwona ungesema walii. Na sisi tulisema amina, mimi kwa sauti kubwa kuliko kaka yangu, maana nilijua kule juu yuko Nyakato, na yuko bibi yake Nyakato, ambaye miguu ilikuwa imeshakataa na kutwa nzima alikaa ndani ya msonge akisuka vikapu kwa kupapasa.

Nilipopanda kucheza nikakuta wanawake wameacha kulima ule ukanda. Majembe yamelazwa ukutani. Walikuwa rweyani wakikata nyasi za kuezekea, bila haraka, wanataniana. Nikamwuliza Nyakato mbona kazi imesimama. Akasema hakuna tena haja ya kujiua, Mukama ameshaombwa, moto utasubiri wanaume. Nikaona imani yao imeishinda hata ya kwetu. Niliteremka nikamsimulia baba, nikitegemea atafurahi. Aliendelea kukunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

Kisha mkungu mwenyewe akapita uani kwetu. Alitandikiwa mkeka mpya, akaletewa asali, mimi ndiye niliyeshika bakuli la maji ya kunawa. Walizungumza habari za ngozi, wakazungumza habari za kitambaa chekundu ambacho mke wake alikitaka, wakacheka sana. Ua wetu ulikuwa kwenye ardhi yake, na ngozi zote za upande ule zilipita kwake kwanza. Nilisubiri baba aseme lolote kuhusu nyasi. Aliposindikiza mgeni na kurudi nikamwuliza kwa nini hakumwambia na mkungu naye aombe ili moto usije. Baba alinikata jicho, akasema watoto hawaulizi mambo ya wakubwa. Nikaenda kumwaga maji ya kunawa. Adabu ndiyo iliyokuwa mali yetu ya kwanza nyumbani kwetu.

Wachungaji wa mkungu waliwasha mchana, jua limepinda kidogo, upepo umeshaanza kupanda. Waliwasha kuanzia chini kwenye kijito, kama ng'ombe walivyotaka. Kwanza tulisikia ndege, halafu mlio kama mvua kubwa inayokuja, nami kwa kweli nilikimbia nje kuangalia mvua, nikidhani dua imejibiwa. Kumbe ni nyasi. Moto ulipanda kilima kwa kasi ambayo mbwa asingeiweza. Migomba yenyewe haiungui upesi, ina maji, lakini chini yake kulikuwa na majani makavu ya mwaka mzima, yale ambayo wanaume wangeyasogeza. Moto ukaingia humo chini kwa chini. Misonge ile imeezekwa nyasi mpaka ardhini. Niliona mmoja ukishika, halafu wa pili, halafu moshi ukafunika, sikuona tena.

Baba alisimama katikati ya ua, akaweka vidole masikioni, akaadhini. Haikuwa saa ya adhana. Ndivyo watu wa pwani wanavyofanya moto ukitisha. Aliadhini kwa ile sauti yake nzuri, machozi yanamtiririka, na chini ya ukuta palikuwa na majembe manne ambayo hakuna aliyeyagusa. Mama ndiye aliyejifunga kanga akachukua moja na kukimbilia kilimani. Alirudi jioni, kope zimeungua, hakuzungumza na baba.

Bibi yake Nyakato hakutolewa. Watu walikuwa rweyani upande wa pili wakikata nyasi. Tena walikuwa wakizikata kwa ajili ya paa lake yeye, kwa kuwa lilikuwa limeanza kuvuja.

Walihama. Migomba iliyoungua mizizi hailishi mtu mwaka ule wala unaofuata, na wenzao wa Nyabiyonza walikubali kuwapa mahali. Njia ilipita mbele ya ua wetu. Ta Kamugisha alitangulia na mkuki na kifurushi cha lubugo, yale magome ya kujifunika, akapita kama mtu anayepita kwenye kichaka. Baba alikuwa amemwekea jora zima la bafta nyeupe juu ya ua wa miiba, kwa ajili ya maziko. Aliliona. Hakulichukua. Lililala pale mpaka mama akaenda kuliingiza ndani likiwa limelowa umande.

Nyakato alikuwa mwishoni, amebeba mtungi usio na kitu. Nikamfuata. Nilitaka kumwambia pole, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Mukama alisemaje?"

Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba Mukama hasemi kwa mdomo.

Akasimama. "Baba yako hakumkuta Bweranyange?"

"Baba hakwenda Bweranyange. Aliomba hapa hapa, kila swala. Hata mbuzi alichinja."

Akautua mtungi wake chini. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Ndipo aliponieleza, polepole, kama unavyomweleza mtoto wa mwaka mmoja, yale yaliyosemwa barazani nilipokuwa jikoni na ndizi zangu. Baba yake alimweleza baba yangu kwamba mkungu amekataa, na aliye juu ya mkungu ni mmoja tu. Alimwambia, wewe unaingia Bweranyange na vitambaa vyako, unakalishwa karibu, unasikilizwa. Nenda ukaseme neno moja, wachungaji wangoje wanaume warudi. Muda wa kwenda na kurudi ulikuwa unatosha kabisa. Kila siku walikuwa wakitazama njia waone mjumbe wa Mukama anapanda. Hakuna mtu aliyetaja mbinguni. Kama wangetaka dua za mbinguni, walikuwa na watu wao wenyewe wa kuwaombea, tangu lini wakahitaji muuza shanga?

Halafu akasogea karibu, akaninong'oneza, na humo ndani ya sauti yake mlikuwa na matumaini kidogo.

"Tumbo lake limeshaanza?"

Sikumwona tena. Lakini swali lake nilibaki nalo. Nilianza kulichunga tumbo la baba kama mtu anavyochunga maziwa jikoni. Akivua kanzu kutawadha, nipo. Akilala mchana, nipo mlangoni natazama linavyopanda na kushuka. Siku nyingine niliona limeongezeka, roho ikaniruka kwa hofu. Siku nyingine niliona liko vile vile, na Mungu ananijua, nilikasirika. Aliendelea kula, akaendelea kuuza, akaendelea kusoma kwa sauti nzuri. Wanaume waliporudi kutoka upagazini wakakuta majivu, wakauliza, wakaonyeshwa njia ya Nyabiyonza. Hakuna aliyekuja kumwuliza baba chochote. Na majani mapya yaliota mazuri sana mwaka ule, ng'ombe wa mkungu wakanenepa, tukanywa samli yao.

Mimi nilimwuliza mara moja tu, nikiwa tayari mke wa mtu na mama wa mtu, nikaona sasa mimi ni mkubwa na mambo ya wakubwa ni yangu. Nilimkuta barazani. Nikamwambia, baba, Ta Kamugisha alikutaka uende Bweranyange, nawe ulielewa. Alisogeza tasbihi. Nilidhani atakataa, au atalia, na lolote kati ya hayo ningelipokea.

"Waliniambia niwaombee kwa Mukama," akasema. "Nikawaombea."

Akaniuliza kama nitakula.

Watu husema dua la kuku halimpati mwewe. Mimi sikubali, dua naiheshimu, na asubuhi hii nimewaombea wale wa ng'ambo mpaka magoti yameuma. Ninachokichukia ni yule aliyepewa miguu ya kwenda na mlango wa kuingilia, halafu akainua mikono. Nilitaka kumweleza hivyo kijana wa msikitini, lakini ni kijana, angesema bibi anakufuru.

Baba alikufa mzee, kitandani kwake, usingizini, kifo ambacho watu wengi wanakiomba. Msiba ulijaa. Alisifiwa kuwa mtu wa dua, na ni kweli. Kaka yangu ndiye aliyemwosha. Alipotoka nikamvuta pembeni, nikamwuliza tumbo la baba lilikuwaje. Alinishangaa, akadhani majonzi yamenipanda kichwani. Nikamshika mkono, nikamwambia nijibu tu.

"Bapa," akasema. "Bapa kama la kijana."